Waakaya wa Homer hawapatikani maabara

Tangu mwaka 2017, kila matokeo mapya ya DNA ya kale kutoka Ugiriki yanapotoka, swali moja hurudi mitandaoni kwa kishindo: je, Waakaya wa Homer wamepatikana? Homer ndiye mghani wa Kigiriki anayenasibishwa tendi za Iliadi na Odisei, na Waakaya ni Wagiriki wanaouzingira mji wa Troy katika Iliadi. Mwaka huo Iosif Lazaridis na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vinasaba vya watu 19 wa kale wa ukanda wa Bahari ya Aegean. Wanne kati yao walikuwa watu wa ustaarabu wa Mycenae, ule ambao wengi huuhusisha na vita vya Troy. Mwaka 2022 zikafuata makala tatu katika Science zilizokusanya mamia ya watu wa kale kutoka nchi za Balkani hadi Irani, na mwaka 2023 ikaja nyingine kuhusu ndoa za mabinamu katika Aegean ya kale. Wanasayansi waliandika kwa tahadhari, wakitaja asilimia na mipaka ya sampuli zao. Tahadhari hiyo haikufika mbali. Huko mitandaoni wengine walitangaza kwamba tendi za Homer zimethibitishwa, wengine wakashangilia kwamba "damu ya kaskazini" imeonekana mifupani, na kila Hollywood inapotangaza filamu juu ya Achilles au Odysseus, ubishi huo hugeuka kuwa wa rangi ya ngozi na nywele za waigizaji.

Naona washangiliaji hawa wote wamejikwaa kwenye kisiki kimoja. Majina ya makabila yaliyomo katika tendi za Homer ni ya kale kweli, tena mengine ni ya kale kuliko tendi zenyewe kwa karne nyingi. Lakini yalitumika kama madai: madai ya ardhi, ya uongozi, ya ushirika wakati wa vita, na kila kizazi kiliyapokea na kuyajaza watu wake. DNA inaweza kutueleza nani alihama, nani alioa wapi, nani alizikwa na nduguye. Nani alikuwa Mwakaya au Mdori (Wadori ni tawi la Wagiriki lililojumuisha Sparta), hilo haiwezi kulijibu, na sababu si uchache wa sampuli tu. Wagiriki wa kale wenyewe waligombana juu ya swali hilo, wakabadilisha majibu hadharani, na ushahidi wa magomvi yao tunao.

Tuanze na utenzi wenyewe, maana wengi wanaobishana juu yake hawajaufungua. Katika Iliadi jeshi linalozingira Troy lina majina matatu: Waakaya, Waargos na Wadanao. La kwanza hutajwa zaidi, karibu mara 600. Msomaji wa haraka hudhani ni makabila matatu yaliyoungana kumrudisha Helen, mke wa Menelaus aliyechukuliwa Troy. La hasha. Majina hayo hupokezana kwa watu walewale, mara nyingine ndani ya tukio moja, na kinachoamua lipi litumike kwa sehemu kubwa ni nafasi iliyobaki katika mstari. Milman Parry, katika tasnifu zake alizowasilisha Paris mwaka 1928, alionyesha jinsi lugha ya Homer ilivyojengwa kwa mafungu ya maneno yenye urefu tofauti, yaliyorithiwa na waghani, kila fungu likiwa na pahala pake katika mizani. Aliyezoea tendi za Kiswahili hatahitaji kushawishiwa sana. Mtume kwetu huitwa Tumwa, Rasuli, Muhamadi au Hashimu kwa kadiri ya mizani nane na kina kinachotafutwa, na hakuna msikilizaji anayehesabu hapo watu wanne.

Ajabu zaidi ni jina linalokosekana. Wagiriki wa zama za Plato walijiita Wahelene, jina wanalolitumia hadi leo. Katika Iliadi, Wahelene ni sehemu tu ya watu wa Achilles kutoka pembe moja ya kusini mwa Thessaly, na hutajwa pamoja na Wamirmidoni katika msitari mmoja wa kitabu cha pili. Thucydides aliliona hilo katika karne ya 5 KK na akalifanya hoja. Homer, alisema, aliishi muda mrefu baada ya vita vya Troy, lakini hakuwaita wote kwa jina moja la Wahelene, wala hakuwa na jina la kuwaita wageni wote kwa jumla. Basi umoja huo haukuwepo bado. Mwanahistoria wa miaka 2,400 iliyopita alijua kuusoma utenzi kama ushahidi wa kutokuwepo kwa taifa. Sisi tunausoma kama daftari la uandikishaji wa taifa hilo.

Wadori nao hawaonekani kabisa katika Iliadi. Katika Odisei hutajwa mara moja, katika orodha ya watu watano wa kisiwa cha Krete, bega kwa bega na Waakaya, Wakrete asilia, Wakidonia na Wapelasgi. Hili si jambo dogo. Katika zama za kihistoria Sparta, Argos, Korintho, Krete na Rhodes zilikuwa nchi za Wadori, nazo ndizo hasa nchi ambazo utenzi unawapa Menelaus, Agamemnon, Diomedes na Idomeneus. Wako wanaosema kimya hicho ni kumbukumbu halisi ya enzi ambayo Wadori hawakuwa wamefika. Wako wanaosema waghani walijua vizuri kwamba Wadori wapo, wakawaficha kwa makusudi ili utenzi unukie ukale. Mimi naegemea maelezo ya pili, kwa sababu ya upenyo mmoja. Tlepolemus, kiongozi wa merikebu tisa za Rhodes, ametajwa kuwa mwana wa Heracles, na watu wake wanasemwa kukaa katika mafungu matatu kwa kufuata makabila. Makabila matatu ndiyo alama ya miji ya Wadori: Wahille, Wadimane na Wapamfili. Mghani aliufunga mlango, akasahau dirisha.

Orodha ya Merikebu ya kitabu cha pili cha Iliadi, ambamo Tlepolemus ametajwa, ndiyo uwanja ambapo mabishano haya yamepiganwa kwa miaka mingi kuliko pengine popote. Ina vikosi 29 na merikebu 1,186. Mycenae ya Agamemnon ina 100, Pylos ya Nestor 90, Odysseus ana 12 tu. Lakini inaanza na Boeotia, na Boeotia imepewa miji mingi kuliko nchi nyingine yoyote, ilhali katika vita vyenyewe watu wake hawana shujaa wa maana. Thucydides alikwama hapo. Yeye alipokea simulizi kwamba Waboeotia waliingia Boeotia miaka 60 baada ya Troy kuanguka, walipofukuzwa na Wathessaly kutoka Arne. Sasa Homer anawaweka Boeotia kabla ya vita. Afanye nini? Akaandika kwamba kundi moja lao lilikuwa limetangulia kufika, na hao ndio waliokwenda Troy. Ni kiraka, na kinaonekana kuwa kiraka. Hata hivyo kinatuonyesha mtu mwenye akili kali akitambua kwamba majina ya utenzi na historia ya uhamaji havilali kitanda kimoja.

Kisha kuna Salamis. Ajax anakuja na merikebu 12 kutoka kisiwa hicho, na msitari unaofuata unasema alizipanga pale walipokuwa wamesimama Waathene. Waandishi wa kale walituachia habari kwamba Athens ilipogombania Salamis na Megara katika karne ya 6 KK, msitari huo ulitumiwa kama ushahidi mbele ya waamuzi, na kwamba Wamegara walidai umechomekwa na Waathene wenyewe. Aristotle anautaja mfano huu wa Waathene kumtumia Homer kama shahidi. Sitaamua hapa nani alichomeka nini. Kinachonivutia ni kwamba kwa watu wale msitari wa utenzi juu ya nani alisimama na nani ulikuwa na uzito wa hatimiliki. Na pale maneno yanapokuwa hatimiliki, hupata watu wa kuyahariri.

Sasa tuwape haki yao wanaosema majina haya ni historia. Hoja yao ina nguvu kuliko ilivyokuwa karne moja iliyopita. Mwaka 1924 Emil Forrer, msomi wa Uswisi, alidai kwamba nchi iitwayo Ahhiyawa katika vibao vya udongo vya Wahiti, vilivyochimbwa Boğazköy katika Uturuki ya leo, ni nchi ya Waakaya. Alishambuliwa vikali, hasa na Ferdinand Sommer mwaka 1932, na kwa miongo kadhaa hoja yake ilionekana ndoto. Leo wataalamu wengi wanaikubali. Katika karne ya 13 KK mfalme wa Wahiti alimwandikia mfalme wa Ahhiyawa akimwita ndugu, akitaja ugomvi uliokwisha juu ya Wilusa, na Wilusa inalingana na Ilios, jina jingine la Troy. Kibao cha Knossos, kilichosomeka baada ya Michael Ventris kufumbua Linear B, mwandiko wa Kigiriki cha enzi za Mycenae, mwaka 1952, kina neno linaloelekea kumaanisha "kwenda Akaya". Huko Misri, juu ya sanamu za hekalu la Amenhotep III, karne ya 14 KK, imeandikwa nchi ya Tanaja ikiambatana na majina ya miji kama Mycenae, na ni vigumu kutowafikiria Wadanao. Kwa hiyo mtu anayesema Homer alibuni majina haya hewani hana pa kusimama tena.

Lakini tazama ushahidi huo unathibitisha nini hasa. Unathibitisha kwamba jina Akaya lilikuwepo, na kwamba palikuwa na mfalme aliyelibeba. Hausemi raia wake walikuwa nani, walizungumza lugha ngapi, wala kama mchungaji wa Pylos aliwahi kujiita Mwakaya siku moja maishani mwake. Maelfu ya vibao vya Linear B yanaorodhesha kondoo, mafuta, wafumaji na magurudumu ya magari ya vita; kabila la watu hao kwa kawaida halikuwashughulisha makarani. Na fuatilia jina lenyewe likisafiri. Karne ya 13 KK ni ufalme wenye nguvu unaogombana na Wahiti. Kwa Homer ni jeshi zima la Wagiriki. Kwa Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, ni watu wa miji 12 ya pwani ya kaskazini ya Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, mbali na Waakaya wengine wa Phthia, kusini mwa Thessaly. Katika karne ya 3 KK ni shirikisho la miji, na mji wa Korintho wenye asili ya Kidori umo ndani yake. Mwaka 27 KK Warumi wanaligeuza kuwa jina la jimbo, na hiyo ndiyo Akaya tunayoisoma katika Matendo ya Mitume, ambako Galio ni liwali na Paulo anashtakiwa Korintho. Jina moja kwa zaidi ya miaka 1,200, na kila mara wenye nalo ni wengine. Atakayetafuta vinasaba vya Waakaya inabidi kwanza atuambie ni Waakaya wa nani.

Upande wa pili, wa wanaosema yote ni ubunifu wa kisiasa, una mifano mitamu zaidi, na nakiri ndio ninaoufurahia kuusoma. Katika utenzi wa nasaba ulionasibishwa kwa mshairi Hesiod, Hellen, babu wa Wahelene (si Helen wa Troy), ana wana watatu, Dorus, Xuthus na Aeolus, na Xuthus anazaa Ion na Achaeus. Mti mzuri, kila kabila na babu yake. Katika karne ya 5 KK, Athens ikiwa na himaya ya miji ya Waionia, tawi la Wagiriki ambalo Athens yenyewe ni sehemu yake, Euripides anaandika tamthilia ambamo Ion si mwana wa Xuthus tena: baba yake ni mungu Apollo, na mama yake binti mfalme wa Athens. Dorus na Achaeus wanashushwa kuwa wadogo zake, watoto wa baba mgeni. Dorus, aliyekuwa mwana wa Hellen na ndugu wa Xuthus, amegeuzwa mwana wa Xuthus kwa mkupuo mmoja wa kalamu, wakati Athens inapigana na Wadori wa Sparta. Watazamaji walikaa, wakatazama, wakarudi nyumbani, na hatujasikia kwamba mtu alidai nasaba imechafuliwa.

Kule Sicyon, mtawala Cleisthenes alipokuwa vitani na Argos mwanzoni mwa karne ya 6 KK, alipiga marufuku mashindano ya waghani wa Homer mjini mwake. Herodotus anatoa sababu: tendi hizo zimejaa sifa za Argos na Waargos. Fikiria hilo. Jina ambalo kwa mghani lilikuwa la kuziba mizani, kwa mtawala lilikuwa propaganda ya adui. Cleisthenes huyo hakuishia hapo. Aliyabadilisha majina ya makabila matatu ya Kidori ya mji wake, akayaita kwa majina ya nguruwe, punda na vitoto vya nguruwe, na kabila lake mwenyewe akaliita Watawala wa Watu. Herodotus anasema majina hayo yalidumu miaka 60 baada ya kifo chake. Mjukuu wake, Cleisthenes wa Athens, alifuta makabila manne ya Kiionia kama mgawanyo wa kisiasa baada ya mwaka 508 KK na kuunda kumi mapya, akichanganya watu wa pwani, wa bara na wa mjini, na majina ya mashujaa kumi yakachaguliwa na nabii wa kike wa Delphi kutoka orodha ya mia moja. Ndani ya muda mfupi watu walikuwa wakipigana na kufa katika vikosi vya makabila hayo yaliyozaliwa jana. Na mfalme Cleomenes wa Sparta, alipozuiwa na kuhani wa Athena kuingia hekaluni kwa kuwa Wadori hawaruhusiwi, alimjibu kwamba yeye si Mdori, ni Mwakaya. Mfalme wa Sparta, mji mkuu wa Udori!

Mifano hii inaelekea kumaliza kesi, ila haimalizi. Waliotaka kubuni walibuni juu ya kitu. Majina ya makabila matatu yaleyale ya Kidori yanaonekana katika miji iliyotengana na bahari, na makabila manne ya Kiionia yalikuwepo Athens na pia Miletus. Lahaja nazo zinapangika: Kidori huku, Kiionia kule, Kiarkadia katikati ya milima ya Peloponnese kikifanana na lugha ya kisiwa cha mbali cha Kupro. Siasa ya karne ya 6 haiwezi kueleza kufanana huko. Palikuwa na misafara, ndoa, miji iliyozaa miji. Jonathan Hall, aliyeandika juu ya utambulisho wa Wagiriki mwaka 1997 na 2002, amenishawishi kwamba nasaba za kubuni ndizo kiini cha utambulisho wenyewe, lakini hata yeye lazima aache mlango wazi kwa uhamaji fulani. Swali ni ukubwa wake na wakati wake, na hapo ndipo Wadori wanapoturudia.

Karl Otfried Müller aliwaandikia Wadori kitabu kizima mwaka 1824, na kutoka kwake, kwa mikono ya watu wasio na nusu ya elimu yake, likakua wazo la taifa la wapiganaji warefu wa kaskazini walioshuka na kuuangusha ustaarabu wa Mycenae. Katika Ujerumani ya Hitler Wadori na Wasparta walifanywa ndugu wa damu. Wanaakiolojia wametafuta nyayo za uvamizi huo kwa muda mrefu. Majumba ya Pylos, Mycenae na Tiryns yaliharibiwa kweli karibu na mwaka 1200 KK, lakini hakuna vyungu vipya, silaha mpya wala aina ya kaburi ambayo mtu anaweza kuishika na kusema huyu hapa Mdori amefika. Vitu vilivyodhaniwa kuwa vyao ama vilikuwepo kabla ya majumba kuanguka, ama vinaonekana kwanza mahali ambapo si pa Wadori. John Chadwick, mshirika wa Ventris, alipendekeza mwaka 1976 kwamba huenda Wadori walikuwepo muda wote, wakiwa watu wa chini ndani ya falme zilezile, na lahaja yao ikapanda wakati mabwana walipoanguka. Wengi hawakumfuata, na hoja yake ya kiisimu ni nyembamba. Hata hivyo aliuliza swali sahihi: kwa nini tunahitaji uvamizi?

Hapa ndipo hoja dhaifu kuliko zote inapoingia, ile inayosema DNA sasa imejibu. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba angalau robo tatu ya asili ya watu wale wanne wa Mycenae ilitoka kwa wakulima wa kwanza wa Anatolia (Uturuki ya leo) magharibi na Aegean, kwamba walikuwa na mchango wa mashariki kama Waminoa wa Krete, na kwamba, tofauti na Waminoa, walikuwa na mchango mdogo wa kaskazini, kati ya asilimia 4 na 16. Asilimia hizo ndizo zilizobebwa juu kama bendera. Lakini watu hao waliishi kabla ya majumba kuanguka. Mchango wao wa kaskazini ulikuwa umeshaingia zamani, basi hauwezi kuwa wa Wadori ambao hekaya inawaleta baadaye, miaka 80 baada ya Troy kwa hesabu ya Thucydides. Ukisema basi ni wa Waakaya, unakutana na makaburi ya Pylos. Yule mkubwa aliyezikwa huko karibu na mwaka 1450 KK na upanga, dhahabu na mihuri zaidi ya 50, anayejulikana kama Shujaa wa Griffin, alichunguzwa katika kazi ya 2022, na mchango huo wa nyika za kaskazini haukuonekana kwake. Mtu wa cheo cha juu katika nchi ya Nestor hana "damu" ambayo washangiliaji wanaiona kuwa kitambulisho cha mashujaa wa Homer. Watafanya nini naye, wamfukuze katika utenzi?

Zaidi ya hapo, karne zinazotakiwa zaidi ndizo zenye mifupa migumu kupatikana. Kati ya mwaka 1100 na 700 KK, wakati ambapo Wadori wangekuwa wanafika na tendi zinaundwa, sehemu kadhaa za Ugiriki, Athens ikiwemo, zilichoma maiti za watu wazima, na moto huharibu DNA. Argos waliendelea kuzika, kwa hiyo ramani ya vinasaba itapendelea Argos na kunyamaza juu ya Athens, bila uhusiano wowote na nani alihamia wapi. Na mashujaa wa Homer wenyewe, Patroclus, Achilles, Hector, wote wanachomwa, jambo ambalo watu wa Mycenae kwa kawaida hawakulifanya. Waakaya wa utenzi, kwa desturi zao za mazishi, si watu waliopimwa.

Pwani yetu inayajua mambo haya kwa karibu, tena kupitia maabara ileile ya akina Lazaridis, ya David Reich kule Harvard. Mwaka 2023 Nature ilichapisha matokeo ya watu 80 waliozikwa katika miji ya Waswahili na jirani zake, kutoka Manda hadi Kilwa na Songo Mnara. Wengi wao walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka kwa Waafrika, hasa upande wa kina mama, na sehemu kubwa kutoka Asia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000 BK. Papo hapo ikasemwa kwamba simulizi ya Washirazi imethibitishwa, na wengine wakahofu kwamba Uswahili umenyang'anywa Waafrika. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Utafiti ulionyesha ndoa na safari. Haukuonyesha kwa nini koo fulani ziliamua, kwa karne nyingi, kujiita Washirazi na kulitumia jina hilo katika utawala na heshima, wala kwa nini waliozaliwa na mama wa Kiafrika walizungumza lugha ya mama zao. Hayo yamo katika tarikhi, mashairi na mashauri ya wazee, na huko ndiko yanakojadiliwa.

Nisieleweke kama napuuza sayansi hii. Inapoulizwa maswali yake, inajibu kwa namna ambayo hakuna kibao wala utenzi ungeweza. Utafiti wa 2023 uligundua kwamba katika Krete na visiwa vya Aegean ndoa kati ya mabinamu zilikuwa za kawaida sana, jambo linaloeleza umiliki wa mashamba na mizeituni kuliko linavyoeleza Helen. Huko Himera, Sisilia, walichunguzwa wapiganaji waliozikwa baada ya vita vya mwaka 480 KK dhidi ya Wakarthago. Waandishi wa kale walilieleza jeshi lile kama la Wagiriki waliosaidiana. Miongoni mwa waliofukiwa kwa pamoja wakaonekana watu ambao asili yao ni ya Ulaya kaskazini, ya nyika na ya Kaukasi. Walipigania mji wa Kigiriki na mji ukawazika. Walikuwa Wahelene au la? Vinasaba vimeliibua swali hilo na kuliacha lilivyo.

Wenye kulijibu walikuwa waamuzi wa aina ya wale wa Olympia. Alexander I wa Makedonia alipotaka kushindana huko, washindani walimpinga kwamba si Mgiriki. Herodotus anasema alithibitisha kuwa ni Mwargos, kwa kuwa nyumba yake ilidai kushuka kutoka Argos, nasaba ya Heracles, na akaruhusiwa kukimbia. Ushahidi ulikuwa hadithi iliyokubalika kwa wenye mamlaka. Karibu miaka 2,500 baadaye Ugiriki na jirani yake wa kaskazini waligombana tangu 1991 juu ya haki ya kutumia jina Makedonia, hadi Mkataba wa Prespa wa 2018 ulipozaa Makedonia Kaskazini. Mkataba huo unazungumzia historia, lugha na urithi, na ulipatikana kwa majadiliano na kura bungeni. Katika miaka yote hiyo wapo waliochapisha ramani za damu kutetea upande huu au ule, na hakuna iliyosogeza mpaka hata hatua moja.

Sampuli zaidi zitakuja. Siku moja huenda yakatoka makaburi ya kutosha ya Sparta au Argos ya karne ya 10 KK, na vichwa vya habari vitasema Wadori wamepatikana. Iwapo yataonyesha watu wapya kutoka kaskazini, tutakuwa tumejua kwamba watu walihamia Peloponnese wakati huo, na ni habari kubwa inayostahili kusomwa. Itabaki kuelezwa kwa nini Tyrtaeus, aliyewaimbia Wasparta katika karne ya 7 KK, aliwaambia kwamba walikuja pamoja na wana wa Heracles kutoka Erineos yenye upepo, na kwa nini miaka 150 hivi baadaye mfalme wao alisimama mlangoni pa hekalu la watu wengine na kuukana Udori wake ili aingie.